Raba za Elfu Arobaini na Tano

Zamani nilikuwa na daftari la kurasa mia,
kila siku mistari miwili:
kwenda, mia nne; kurudi, mia nne,
na pembeni, kwa wino mwekundu: sikupanda.
Kutoka Nkuhungu hadi ghala la mbegu kando ya reli
nilikwenda kwa mguu,
upepo wa Julai ukinichapa masikio,
vumbi likinipanda hadi magotini
kama soksi za mwanafunzi.
Sikuita mazoezi. Niliita mia nane.

Mia nane ikazaa bati,
bati likazaa hisa za kikoba,
hisa zikazaa mkopo, mkopo ukazaa pikipiki,
na pikipiki, baada ya miaka sita, ikazaa kitambi.
Haba na haba hujaza kibaba.
Hawakunionya kwamba kibaba nitakivaa kiunoni.

Tabibu wa Makole alinifunga mkanda mkononi,
akaminya, akasubiri, akakunja uso.
"Bwana Ndahani, unatembea?"
Nikamjibu nilishaacha,
kwa majivuno, kama mtu aliyeacha pombe.
Akaandika vidonge: elfu kumi na mbili kwa mwezi.
Akaandika kutembea: nusu saa, kila siku.
Hapo hakuandika bei.

Bei niliikuta njiani.
Asubuhi ya kwanza sikufika hata mashine ya kusaga,
bodaboda akasimama: "Mzee, chombo kimekufa?"
Wa pili akasema panda tu, utalipa mwisho wa mwezi.
Jumatano fundi cherehani akamnong'oneza jirani yake.
Alhamisi neno lilikuwa limeshafika Sabasaba, kwenye mafungu ya nyanya:
Ndahani amefulia.
Ijumaa akaja Mama Yeriko, mweka hazina wa kikoba,
daftari kwapani.
Akakaa. Akakataa chai.
Akauliza marejesho yangu yamelala wapi.
Nikampeleka uani, pikipiki chini ya turubai.
Akalifunua, akagusa injini
kama anayegusa paji la mgonjwa.
"Ina mafuta?"
"Tangi zima."
"Sasa unatembea ili iweje?"

Ndipo nikaenda Majengo kununua raba,
za kijani, zenye ukanda unaowaka ukimulikwa na taa.
Elfu arobaini na tano.
Muuzaji alidhani nanunua viatu.
Nilikuwa nanunua ruhusa
ya kwenda kwa miguu yangu mwenyewe
bila kuonewa huruma.
Zimefanya kazi. Bodaboda hawasimami tena,
wananipigia honi, wananiita kocha,
na Mama Yeriko kanisani ananisalimia kwa mikono miwili.

Jumamosi hii nikajaribu mwinuko wa Ntyuka.
Katikati ya mlima mwanamke akanipita,
ndoo ya kokoto kichwani,
kandambili moja imeshonwa kwa waya.
"Mbukwenyi."
Nikaitika kwa pumzi ya mkopo.
Akapunguza mwendo ili tuongee,
ingawa alilipwa kwa ndoo, mia tatu hadi kwenye lori,
na lori halisubiri.
Alizitazama raba kwa muda.
"Wewe wanakulipa ngapi kupanda hapa?"
"Silipwi. Ni tabibu kaniagiza."

Akacheka, ndoo ikatikisika,
hakuna hata kokoto moja iliyodondoka.
Akasema naye alikwenda kwa tabibu, mwezi wa Ramadhani,
magoti yalikuwa yanamlilia usiku.
Tabibu akamwambia apumzike:
nusu saa, kila siku.

Naye hakuandikiwa bei.

Akaniaga, akashika njia,
shingo imenyooka, visigino vyeupe kwa vumbi,
akaniacha nimeinama
nafunga kamba ambazo hazikuwa zimefunguka.